Kuvusha intaneti toka nyumba moja mpaka nyingine hapa Dodoma: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Wakuu, tangu Serikali ihamie huku na viwanja kupimwa kila kona, Nzuguni, Iyumbu, Nala, huko Mtumba, wengi tumejikuta tuna nyumba mbili za familia moja ila haziko kwenye uzio mmoja. We unakaa hapa, mama yuko ng'ambo ya korongo, au umejenga kwa ajili ya kupangisha mtaa wa pili na mpangaji swali lake la kwanza ni kama kuna waifai. Intaneti ya nyumbani unalipia mwezi mzima, mchana wote hamna mtu anayeitumia, alafu mama kule ananunua bando la siku kwenye simu. Inauma. Mi nimenunua vitu vitatu mpaka nikapata kimoja kinachofanya kazi, kwa hiyo navipanga hapa kuanzia kinachowafaa wengi mpaka kile ambacho muuza duka atakusukumia ukiingia tu mlangoni.

Kabla hujatoa hela fanya mambo mawili. Fungua Google Maps kwenye picha ya satelaiti, shikilia kidole juu ya bati lako, chagua kupima umbali, vuta mpaka bati la kule. Usikadirie kwa macho, mi nilikuwa namwambia kila fundi "kama mita mia mbili hivi" kumbe ni 430. Alafu panda juu ya paa, au mtume kijana mwepesi, aangalie kama anaiona ile nyumba nyingine yenyewe, sio mti ulio karibu nayo.

Namba moja, na sioni kinachoikaribia kwa nyumba zinazoonana: antena mbili za nje za mawimbi ya 5GHz. Mafundi wengi wanaziita "nano" hata kama kampuni ni nyingine kabisa. Moja unaifunga nyumba yenye intaneti, inachukua waya kutoka kwenye rauta yako, ya pili unaifunga kule ikiangaliana na mwenzake, alafu ndani ya ile nyumba unaweka rauta ndogo ya kusambaza waifai. Hakuna kulipia laini nyingine, hakuna kuchimba, unapanda bati mara mbili na jioni mama anaangalia taarifa ya habari kwenye simu.

Ipi sasa. Chini ya kilomita moja jozi ya TP-Link CPE510 inatosha kabisa, usidanganywe na mtu anayetaka kukuuzia sahani. Poti yake, yaani tundu la waya, ni ya Mbps 100, kwa hiyo ile 300 iliyoandikwa kwenye boksi usiipigie hesabu, ila kama kifurushi chako ni cha 20 au 50 unahangaika na poti ya nini? Ukivuka kilomita, au mtaa una antena nyingi za watu wengine zinazopigiana kelele, nenda kwenye CPE710 au Ubiquiti LiteBeam 5AC Gen2, hizi zinakusanya mawimbi kwenye mshale mwembamba zaidi, 23 dBi (kipimo cha antena inavyokusanya mawimbi) dhidi ya 13 za CPE510, na poti yake ni gigabiti, yaani Mbps 1000. MikroTik SXTsq ni nzuri na haifi haraka, ila menyu zake zitakutoa jasho, inunue kama fundi wako anazijua na anapokea simu usiku. CPE210 iache. Hiyo ni ya 2.4GHz, mawimbi hayohayo yanayotumiwa na rauta za majirani wote, utakuwa unaongea kwenye soko la Majengo siku ya sikukuu.

Hapa lazima niseme habari ya mbuyu. Nilifunga zangu mwezi wa tisa, kiangazi, vumbi, kila kitu kikavu, na katikati ya nyumba yangu na ya mama kuna mbuyu mmoja ambao wakati huo ulikuwa uchi kabisa, matawi tu. Signal ikasoma -58 dBm (namba ikikaribia sifuri ndo nzuri zaidi), safi, nikawa najisifu. Desemba mvua zikaanza, mbuyu ukavaa majani, na ikashuka mpaka -80 na kitu, inakata kila baada ya dakika mbili, nikabadilisha waya, nikabadilisha adapta, nikamlaumu fundi wa watu, siku ile nimepanda juu ndo nikaona pale palipokuwa na anga pana ukuta wa kijani. Majani yana maji na maji yanameza 5GHz. Dodoma msimu wetu wa mvua ni mmoja, karibu Desemba mpaka Aprili, kwa hiyo ukipima Agosti umepima nusu ya mwaka tu.

Na kuonana kwenyewe sio mstari wa uzi. Mawimbi yanatanuka katikati ya safari kama muhogo, mnene pale kati na mwembamba kwenye ncha, wataalamu wanaliita eneo la Fresnel kwa jina la Mfaransa mmoja wa zamani. Kwa mita 500 kwenye 5.8GHz huo unene unafika kama mita 2.5 juu na chini ya mstari, kwa kilomita moja ni kama 3.6, na walau asilimia 60 yake iwe wazi. Ndo maana shamba la zabibu katikati halina neno, ni fupi, ila mwarobaini uliopandwa mwaka juzi mwakani utakusumbua. Dawa yangu mi ilikuwa bomba la GI la mita 3 kila upande, nikazipitisha antena pembeni na juu ya mbuyu. Bomba lifungwe kwenye ukuta kwa klampu za chuma, sio kwenye kenchi la kibaraza, upepo wa huku wa kiangazi unazungusha antena taratibu na wewe unadhani ni mtandao. Ukisoma kati ya -50 na -65 umemaliza, usiguse tena.

Sasa waya, maana hapa ndo watu wanaibiwa. Waya wa LAN (ule wa mtandao) wa bei rahisi mwingi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Chukua wembe dukani hapohapo, omba kipande, kwangua, kikiwa cheupe ndani rudisha. Alumini inapoteza umeme njiani, na hizi antena zinakula umeme kupitia waya huohuo, volti 24, utaona inazima na kuwaka bila sababu. Chukua waya mweusi wa nje, ule wa kijivu wa ndani ganda lake linapasuka na jua la Dodoma, mwaka wa pili unaumenya kama karanga. Na ile adapta ina poti mbili, iliyoandikwa PoE (umeme kupitia waya wa LAN) inaenda kwenye antena, iliyoandikwa LAN inaenda kwenye rauta, ukizigeuza unapeleka volti 24 kwenye rauta na hakuna fundi wa kukurudishia.

Rauta ya nyumba ya pili isikuumize kichwa, hata ile ya zamani iliyolala kabatini. Ibadilishe anwani iwe tofauti na ya rauta kubwa (kama kubwa ni 192.168.1.1 hii iwe 192.168.1.2), zima DHCP (ile inayogawa anwani kwa simu na kompyuta), na waya unaotoka kwenye antena uuchomeke poti ya LAN sio WAN (ile ya kuingizia intaneti). Wengi wanachomeka WAN alafu printa ya huku haionekani kule, kamera nazo hazionekani, wanaanza kusema antena mbovu. Umeme ukikatika upande wowote kiungo kinakufa, kwa hiyo UPS ndogo za rauta (betri za akiba) ziwe mbili, na uulize yenye tundu la PoE la volti 24 maana ya volti 12 peke yake haitawasha antena.

Namba mbili ni faiba yako mwenyewe. Hii naiweka ya pili kwa sababu moja tu, ardhi. Kama kutoka nyumba hadi nyumba ni kwako tupu, au ukoo mmoja mmejenga mkifuatana, basi hii inapanda inakuwa ya kwanza, haijali mbuyu wala kelele za majirani na kioo hakipitishi radi. Unanunua kebo ya faiba ya singo modi ya nje ambayo imeshafungwa vichwa pande zote mbili, na midia konveta mbili (vikasha vya kugeuza mwanga wa faiba uingie kwenye waya wa LAN), kila upande moja. Konveta za uzi mmoja zinauzwa A na B, hakikisha umebeba A moja na B moja, nimeshamwona jamaa kabeba A mbili akakaa wiki nzima anasubiri taa iwake. Umbali sio tatizo, za kawaida zinakwenda kilomita 20. Ipitishe ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi, panya wa huku hawachagui, na usiikunje kama kamba ya mbuzi maana ndani ni kioo. Ikiwa ni ile yenye waya wa chuma pembeni wa kuning'inizia, chuma kiishie nje ya nyumba. Barabara ya mtaa ikikatiza hapo kati unahitaji kibali cha TARURA (wakala wa barabara za mijini na vijijini) kuichimba, na nguzo za umeme sio za kuning'inizia kebo zako, wengi hapa ndo wanarudi kwenye antena.

Namba tatu, waya wa LAN moja kwa moja. Ni rahisi kuliko vyote na una mwisho, mita 100, hapo umehesabu na ule unaopanda ukutani. Banda la uani, nyumba ya watoto ndani ya uzio uleule, sawa. Lakini nyumba mbili zenye LUKU mbili na waya za ardhini (earth) mbili tofauti ukiziunganisha kwa shaba mita 90, radi ya mwezi wa kwanza ikipiga karibu inapita humo na kuondoka na rauta za pande zote. Kwa huku kwetu mi hata mita 80 ningeweka faiba.

Namba nne ni kukata tamaa kwa heshima: nunua rauta ya laini ya simu uipeleke kule, kila nyumba ijitegemee. Sio ujinga. Kama kilima kimekaa katikati hakuna antena itakayokuokoa, na kama kifurushi chenyewe ni cha 10 Mbps na kwako kuna wanafunzi wawili wa UDOM wanaopakua usiku kucha, mama utamgawia nini? Ubaya ni kulipa mara mbili kila mwezi, piga hesabu ya mwaka mzima uone kama haijapita bei ya jozi ya antena.

Namba tano, ripita na zile seti za meshi (vikasha kadhaa vinavyopokezana waifai). Hiki ndo kitu changu cha kwanza kununua, dukani niliambiwa "inavuta mpaka mita 500 boss". Ripita imetengenezwa kwa ajili ya chumba cha nyuma, inasikiliza na kurudia kwa redio ileile, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu hata ikiwa karibu, na tofali za huku zikiwa mbili tatu njiani hufiki hata choo cha nje. Meshi ni nzuri ndani ya nyumba kubwa. Kati ya nyumba na nyumba, hapana.

Vile vya kuchomeka kwenye soketi vinavyopitisha intaneti kwenye waya za umeme sivipi hata namba. Nyumba mbili, LUKU mbili, kwa kawaida hutapata kitu.

Baada ya yote jirani wa mama ataomba pasiwedi, alafu wa pili, alafu mmoja atasema "we nitoze tu buku tano kwa mwezi." Mtoto wa shangazi mpe. Ukianza kukusanya za mwezi ujue umeshakuwa muuza huduma ya mawasiliano, hiyo inataka leseni ya TCRA, na mkataba wa kifurushi cha nyumbani kwa kawaida haukuruhusu.