Kilo zilipogoma kwenye 84: kliniki ya lishe hapa Malindi, nyota tatu na nusu

Jamani hii nimekawia kuiandika makusudi, nilitaka zipite kwanza wiki kama kumi nisije nikasifu kitu leo kesho kikanigeuka. Ni ile huduma ya ushauri wa lishe, chumba kimoja tu ghorofani juu ya duka la dawa hapa Malindi mjini. Jina silitaji, nina ya kusifu na nina ya kulalamika na mji wenyewe ndio huu mdogo, sote twakutana sokoni.

Mie nna PCOS, ile shida ya homoni na ovari inayovuruga hedhi, tangu nna miaka 29, halafu miaka miwili nyuma ikaja na thairoidi juu yake, ile ya tezi kuwa mvivu. Nilianza na kilo 93 nikashuka mpaka 84 kwa jasho langu, natembea ufukweni kila asubuhi maji yakitoka, kutoka Silversands mpaka nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Kisha mizani ikagoma. Miezi mitatu ni 84, 84.3, 83.9, 84. Nikapunguza wali, 84. Nikaacha mahamri kabisa, na mtu wa huku akifika kuacha mahamri jua ameshachoka na dunia, bado 84!

Nishaliwa pesa pia, nisiseme uongo. Nilinunua chai ya kukata tumbo kwa dada mmoja anauza kwa simu, shilingi 2,000, siku nne kilo mbili zimeondoka nikawa nacheka peke yangu jikoni, Ijumaa zimerudi zote. Kuja kusoma nyuma ya paketi kumbe ni sanamaki, ile ile bibi yangu alikuwa akitupa tukifungwa choo. Yaani nilikuwa nalipia kwenda msalani.

Basi shemeji yangu ndo akanambia niende pale. Mara ya kwanza ni 1,500, ukirudi 800, M-Pesa wanapokea. Nilimkuta msichana mdogo, nikasema moyoni huyu atanambia nini mie, atanipa karatasi tu. Karatasi alinipa kweli (ntaifikia) lakini kwanza akaniuliza, "Dada, kidonge cha thairoidi wakimeza vipi?" Nikamwambia asubuhi, na chai. Chai gani? Ya maziwa, sasa chai nyengine ipo? Na baada ya chai? Vidonge vya damu, maana damu yangu huwa iko chini. Akaweka kalamu chini akaniangalia.

Kumbe kile kidonge kinataka tumbo tupu na maji matupu, usubiri nusu saa mpaka saa nzima ndo ule, na vidonge vya damu au vya kalsiamu vikae mbali nacho masaa manne. Mie miaka miwili nakimeza na chai ya maziwa nyuma yake vidonge vya damu! Na Ramadhani nilikuwa nakisukumia na uji wa daku. Hakuna aliyewahi kuniuliza, hospitali naandikiwa naambiwa kimoja kila asubuhi, basi. Nampa hongera zaidi kwa sababu dozi hakuigusa, alisema hiyo si kazi yake, akanituma nikapime TSH, kile kipimo cha damu cha thairoidi, na kwa daktari. Ikatoka 7.8 wakati mwisho huwa kama 4 hivi. Daktari akasema tusiongeze dawa bado, meza sawasawa kwanza urudi baada ya wiki sita. Sasa nameza nikiamka alfajiri kabla ya kutawadha, nikirudi ufukweni ndo chai. Wiki ya sita nimepima, 3.1.

Jambo la pili alilonifunza ni kwamba mwili wa kilo 84 hauli sawa na wa 93, ni kama tuktuk, ikibeba watu wanne inakunywa mafuta, ikiwa tupu haidai. Kwa hiyo kile chakula kilichokuwa kikinipunguza ndo sasa kinanitosha pale pale. Akaniambia pia kwa mtu wa PCOS kupungua hata asilimia 5 mpaka 10 ni kitu kikubwa, mara nyingi ndo hedhi inarudi kwenye mstari. Na yangu ilikuwa imesharudi! Mie nalia na mizani kumbe kazi nusu ilishafanyika, hilo nilikaa nalo kwenye ngazi pale kidogo kabla sijaita tuktuk.

Hakunipunguzia sahani, hilo nilipenda sana. Aliniuliza nakamua nazi ngapi na kasimele naitia wapi, nikamwambia kila mahali, wali, mbaazi, samaki wa kupaka, mchicha. Tukakubaliana kasimele ni Ijumaa tu, siku nyengine tui la pili. Mahamri yamerudi, mawili, mbaazi nyingi. Na kutembea peke yake hakutoshi, lazima misuli ifanye kazi, basi nanyanyua majerikeni mawili ya lita tano uani jioni huku watoto wa jirani wanahesabu kwa sauti na wanaruka namba makusudi.

Sasa malalamiko. Ile karatasi! Imechapishwa, imeandikwa salmoni, brokoli, shayiri ya pakiti. Salmoni Malindi? Changu na kolekole wamejaa sokoni dadangu. Nilipomwambia alicheka akakata kwa kalamu, lakini wateja wengine wanaenda nayo nyumbani hivyo hivyo. Mizani yao nayo iko juu ya kigae kilichoinuka, nimeisogeza kwa mguu nikapata kilo 1.6 tofauti, nikawaambia, wiki ya pili bado iko pale pale. Foleni usiseme, miadi saa 4 nimeingia saa 6 kasoro, hakuna feni, viti vya plastiki vinanasa buibui ulilovaa. WhatsApp wanajibu baada ya siku mbili.

Matokeo: 82.1 wiki iliyopita, kwa mizani ya nyumbani. Si kilo nyingi, najua kuna watakaosema 1,500 kwa kilo mbili. Lakini kiuno kwa tepu ya fundi wangu kimetoka 104 kimefika 99, na yule fundi hajui kubembeleza mtu. Usingizi wa mchana umepungua, nywele hazibaki tena kwenye kitana kama zamani.

Ukienda, enda Jumanne saa 2 na nusu kabla hawajajaa, beba vidonge vyako vyote kwenye mfuko umwonyeshe, hata vile unaviona havihusiki. Karatasi ukipewa igeuze, upande wa nyuma uko mweupe, mwambie aandike upya.