Kubadilisha Waya wa Chaja ya Kompyuta: Uzoefu Wangu wa Miezi Minane

Waya wa chaja ya kompyuta yangu mpakato ulianza kunisumbua mwezi Machi, nilipokuwa nikiandaa mitihani ya wanafunzi wangu. Mwanzoni ilinilazimu niupinde kidogo karibu na pini ndipo taa ya betri iwake. Baada ya wiki mbili hali ikabadilika: kompyuta iliwaka na kufanya kazi, lakini betri haikupanda hata asilimia moja, kasi ilishuka mno, na kila nilipoiwasha ulitokea ujumbe kwamba aina ya adapta haitambuliki. Niliamini kwamba betri imekufa, na nusura ninunue nyingine.

Badala yake nilinunua chaja mpya ya bei nafuu, shilingi 30,000, katika duka moja la Kariakoo. Muuzaji alisoma maandishi ya chaja yangu ya zamani, volti 19.5 na ampea 3.34, akanipa yenye namba hizo hizo na pini iliyoingia sawasawa. Nilipofika nyumbani, ujumbe ukawa ule ule. Niliirudisha, naye akakataa kunirudishia fedha kwa kuwa chaja “inatoa umeme”, jambo ambalo kweli lilikuwa hivyo.

Aliyenifumbua macho ni fundi mmoja wa vifaa vya umeme, mwenye meza ndogo mbele ya duka la simu. Alipima chaja ya zamani kwa mita huku akiutikisa waya, kisha akaniambia, “Mwalimu, chaja yako ni nzima. Waya ndio umekatika kwa ndani.” Alinionyesha sindano nyembamba iliyo katikati ya pini, akanieleza kwamba kampuni kadhaa, zikiwamo Dell na HP, huiweka ili kompyuta itambue imeunganishwa na adapta ya wati ngapi. Umeme wa kuendesha kompyuta haupiti hapo. Uzi unaokwenda kwenye sindano hiyo ni mwembamba kuliko nyuzi nyingine, hivyo unaweza kutangulia kukatika pale waya unapopindwa kila siku, na kompyuta kama yangu isipopata taarifa hiyo hukataa kuchaji betri ingawa umeme unafika. Chaja niliyouziwa ilikuwa na sindano hiyo kwa sura tu.

Nilimwomba aunge pale palipokatika. Alikataa, na sasa namheshimu kwa kukataa kwake, kwa sababu kiungo kilicho karibu na pini hupindwa tena na tena na hakidumu. Alifungua kasha la adapta, akatoa waya wote wa zamani, akalehemu mwingine wenye nyuzi tatu na pini yake. Kabla ya kugusa chochote ndani ya kasha alihakikisha kwamba kapasita kubwa, yaani kijenzi kinachohifadhi umeme, imeisha chaji, kwani huweza kubaki na umeme wa hatari hata chaja ikiwa imechomolewa ukutani. Ndiyo maana singemshauri mtu asiye fundi afungue adapta nyumbani. Kazi ilichukua kama dakika arobaini, nami nililipa shilingi 12,000 pamoja na waya.

Nilichokipenda zaidi ni namna alivyoithibitisha kazi yake. Hakutosheka na taa kuwaka: aliingia katika ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, tukaona pameandikwa wati 65, ambazo ndizo zilizoandikwa kwenye adapta. Kipimo hiki ningekijua mapema, ningekifanya pale pale dukani kabla ya kutoa fedha zangu.

Sikuridhika na mambo mawili. Kasha limegandishwa kwa gundi bila unadhifu, na upande mmoja umeacha ufa mdogo ambao nimeuziba kwa utepe wa umeme nisije nikaingiza vumbi. Pia sikupewa risiti, ila ahadi ya mdomo ya mwezi mmoja.

Hata hivyo, miezi minane imepita, na betri inajaa kama zamani. Adapta hupata joto la kawaida tu hata ninapofanya kazi usiku kucha. Waya siuzungushi tena kwa kuukaza kwenye kasha kama nilivyozoea. Naukunja kwa mduara mpana, na pini naichomoa kwa kushika kichwa chake.