Sabmita ya Kariakoo kwa nyumba ya kupanga: ugomvi ilioumaliza na ule iliouacha

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo. Kama unaishi nyumba ya kupanga yenye LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nunua sabmita, yaani mita ndogo ya kupima chumba chako peke yake. Yangu nimeipata Kariakoo kwa 35,000, fundi akanifungia kwa 15,000, na sijutii hata senti. Ila usiinunue ukidhani bei ya uniti itashuka. Inakuonyesha nani katumia nini, basi. Bei yenyewe inapangwa mbali na korido yetu, na nitafika huko.

Naishi Tandika, vyumba sita, korido katikati, LUKU iko ukutani nje, na rimoti yake, ile ya kuingizia tokeni, anakaa nayo mama wa chumba cha kwanza kwa kuwa ndiye mkongwe wa nyumba. Mimi ni chumba cha tatu. Nauza barafu za ukwaju, za ubuyu, na maji ya kandoro, kwa hiyo nina friza. Mwenye friza kwenye nyumba ya kupanga ni mshitakiwa wa kudumu. Umeme ukikata saa nne usiku, mtu hajawasha hata tochi ya simu, tayari unasikia koridoni: "Friza hiyo!"

Utaratibu wetu ulikuwa kila chumba 10,000 kwa mwezi, wenye friji 15,000. Wenye friji tulikuwa wawili, mimi na kaka wa chumba cha sita. Jumla 70,000, inayonunua uniti 190 na kidogo, na ndizo tulizokuwa tunatumia. Hakuna ziada, na kila zikipelea natazamwa mimi.

Nikapanda daladala mpaka Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Muuzaji alianzia 45,000, "Dada'angu hii orijino," tukabishana mpaka 35. Nilimwambia aiunge kwenye balbu mbele yangu, akaiunga. Usikubali kuondoka bila hilo. Ni kijiboksi cheupe kinachoenea kiganjani, mbele kina kidirisha cha tarakimu zinazozunguka na kitaa chekundu kinachokonyeza. Ubavuni imeandikwa 1600 imp/kWh, maana yake kikikonyeza mara 1,600 umemaliza uniti moja. Pasi ikiwaka kinakonyeza kama kina wazimu, pasi ikizimwa kinatulia. Wiki ya kwanza watoto wa nyumba nzima walikuwa wanakuja kukitazama.

Jambo moja la kuangalia: tarakimu ya mwisho kulia ina rangi nyekundu, na hiyo ni sehemu ya kumi ya uniti, si uniti kamili. Kaka wa chumba cha nne alipita akasoma 184, akaanza kutangaza kuwa friza imekula uniti 184 kwa wiki mbili. Ilikuwa 18.4. Kabla hujafunga, waite wenzako wote uwaonyeshe hiyo nyekundu.

Matokeo ya mwezi mzima: chumba changu, friza, taa, tivii na feni, uniti 42. Kwa bei tunayonunulia, 42 ni kama 14,960. Nilikuwa nalipa 15,000. Sikusema neno, nilibandika karatasi mlangoni tu.

Chumba cha sita kikafunga yake, na cha tano kikafuata baada ya kubembelezwa sana. Cha sita kilikuwa uniti 30. Cha tano, ambacho hakina friji na kililipa 10,000 miaka yote, kilikuwa 46. Shemeji wa chumba cha tano anapika kwa jiko la koili. Siku moja alikubali tupime: maharage nusu kilo kwenye koili yalikwenda na uniti 1.9, karibu shilingi 680. Baadaye alinunua jiko la presha la umeme, maharage yaleyale yakala 0.4, kama shilingi 140. Kama kuna mtu bado anabisha kwamba umeme haupikiki, tatizo ni koili.

Vilivyobaki ni vyumba vitatu na taa ya nje. Ile taa ilikuwa globu ya zamani ya wati 100, inawashwa magharibi na kuzimwa alfajiri. Saa kumi na mbili kila usiku ni uniti 1.2, kwa mwezi 36. Globu moja ilikuwa inakula kuliko chumba chenye friji! Na vile vyumba vitatu, ukigawa kilichobaki, vinatumia 12 kila kimoja: kama 4,300, huku wamelipa 10,000 kila mwezi bila kelele. Globu tumeiondoa, tumeweka ya LED wati 9. Uniti zaidi ya 30 zimerudi nyumbani kwa balbu ya elfu mbili.

Kufikia hapo sabmita ningeipa alama zote. Sasa lile isiloliweza.

Bei za umeme nchini zina madaraja. Mteja mdogo wa nyumbani, D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, akizidisha kila uniti ya ziada ni 350. Wengine wengi tuko T1, shilingi 292 kwa uniti. Juu yake weka VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Ndiyo maana buku moja la D1 linakupa uniti 8.2 na letu linatupa 2.8. Shilingi 100 ile imewekwa kumlinda mtu wa hali ya chini, na sina ugomvi na nia hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba 75 zinahesabiwa kwa mita.

Mtu mwenye nyumba yake nzuri, mke, mume na mtoto mmoja, wakijibana wanabaki ndani ya 75 na kununua kwa 100. Sisi kaya sita tunaotumia kidogokidogo tumejazana kwenye mita moja, tunaonekana kama mteja mmoja mkubwa wa uniti 190, tunanunua kwa 292. Piga hesabu mwenyewe: 190 za T1 pamoja na makato ni kama 67,700. Zingekuwa zimegawanyika kwenye mita sita za D1, hakuna hata kaya moja ingefika 75, na nyumba nzima ingelipa kama 23,200. Mama wa chumba cha kwanza na uniti zake 12 angelipa 1,464 kwa mwezi. Yaani aliye maskini kuliko wote kwenye nyumba ndiye anayekosa bei ya maskini, kwa sababu hana ukuta wa peke yake wa kutundika mita.

"Si muombe kila mtu mita yake?" Kuunganishiwa mjini, njia moja bila nguzo, ni shilingi 320,960. Kijijini ni 27,000. Mpangaji gani atatoa laki tatu kwenye ukuta wa mtu, halafu akihama anaiacha?

Haki itendeke lakini: bei hizo ni za Aprili 2016. Mwaka huohuo ndipo T1 walipoondolewa ile tozo ya huduma ya 5,520 ya kila mwezi. Mwishoni mwa 2016 EWURA iliidhinisha nyongeza ya asilimia 8.53, ikafutwa siku ya mwaka mpya 2017 kabla haijaanza kazi, na mkurugenzi wa TANESCO, shirika la umeme, akaondolewa siku hiyohiyo. Kwa hiyo anayesema uniti inapanda kila mwaka anachanganya. Kinachopanda ni vinavyopandia mgongoni mwa uniti.

Kama kodi ya jengo. Hiyo ilikuwa fedha ya halmashauri, 2016 ikahamishiwa TRA, na Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU. Ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu Julai 2023 ni 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Sasa fikiria nyumba ya kuchangia: tarehe moja hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Rimoti inalia, uniti zimebaki mbili, watu sita wanasikilizana kimya kila mmoja chumbani kwake, wanangoja nani atapoteza 1,500. Mara nyingi ni mimi, kwa sababu barafu hazisubiri. Na kumbuka kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Baba mwenye nyumba anakaa Kigamboni, ukimpigia anasema, "Mtaikata kwenye kodi ya chumba, wanangu." Kila mwezi anasema hivyo, na kodi anaitaka kamili. Sabmita haisaidii kitu hapo, maana inahesabu umeme tu.

Mdogo wangu yuko Johannesburg, na tulizungumza haya haya kwenye simu. Kule City Power ni kampuni ya jiji lenyewe. Bei inakwenda kwenye baraza la jiji pamoja na bajeti, mdhibiti wa taifa anaipitia, mwaka mpya wa bei unaanza Julai. Julai 2024 wateja wa kulipia kabla waliongezewa randi 200 kwa mwezi, bado VAT. Sijamwonea wivu kwenye bei. Nimemwonea wivu kwamba anajua ukumbi wa kwenda kupigia kelele, na diwani aliyepiga kura anatajika. Hapa Dar diwani wa manispaa yoyote ukimuuliza bei ya uniti, hana kura. Bajeti ya Temeke inapitishwa Temeke, ya Jiji inapitishwa Ilala (tangu Februari 2021 jiji ni Ilala, sisi wa Tandika tumebaki manispaa), na zote hazigusi 292. Kodi ya jengo nayo inatoka mfukoni mwangu Tandika, naiona kwenye meseji ya tokeni, halafu sioni mstari wowote unaonionyesha imerudi kwenye mtaro gani.

Ukumbi wetu ni ule wa EWURA: bei ikiombwa kubadilishwa wanaitisha taftishi, mkutano wa wazi wa kusikiliza maoni, na mwananchi wa kawaida anaruhusiwa kusimama. Ikitangazwa nyingine nitafunga biashara asubuhi hiyo niende na karatasi yangu ya mlangoni. Nina ombi moja tu: hizo 75 zihesabiwe kwa kaya, hata kama kaya sita ziko chini ya mita moja. Sabmita zinapatikana kwa 35,000, ushahidi wa nani anatumia nini upo. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Sawa, shemeji wa chumba cha tano ameshanunua jiko. Wapangaji wote sita wakifuata, mita yetu itaonekana ya tajiri zaidi.

Turudi kwenye kijiboksi, maana kina kasoro. Skrubu za kubana waya ni laini, fundi akikaza kwa pupa zinavuka. Karatasi iliyokuja nayo ni ya Kichina mtupu. Haina mfuniko, kwa hiyo tafuta boksi la plastiki la elfu tatu uifunike, hasa kama kuna watoto. Ifungwe baada ya meni swichi, kwenye waya unaoingia chumbani kwako, na mtu yeyote asiguse lakiri ya mita ya TANESCO, hiyo ni kesi. Ifungwe koridoni, isiwe chumbani, ili kila mtu aione. Ikiwa chumbani mwako hakuna atakayeiamini namba yako, na hata mimi yako nisingeiamini.

Ukifika dukani watakuonyesha na zile kubwa zenye rimoti na tokeni zake, bei inapita laki. Nzuri kwa macho. Kwa nyumba kama yetu ziache: anayetoa tokeni zake ndiye anayepanga uniti iuzwe ngapi, na kwa kawaida ni mwenye nyumba. Nimesikia ya watu wanaonunua uniti moja kwa shilingi 500 huko kwenye nyumba zao. Chukua hii ya tarakimu za kuzunguka, 35,000, na usiongeze hata mia.