Gundi ya poliurethani: nzuri, lakini muuzaji alinichefua

Nimeshindwa kunyamaza. Gundi yenyewe nitaisifia huko mbele, nadhani, ila kwanza huyo muuzaji.

Kiti changu cha mninga mguu wa nyuma ulikuwa umelegea kwenye tundu lake, ukikaa unayumba. Gundi nyeupe ya maseremala tulishatia mara kadhaa, na kila masika ikiingia inaachia, maana haipendi maji. Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akanipa chupa ya gundi ya poliurethani: "Mama, hii ndiyo mwisho wa maneno. Paka nyingi tu, inavimba yenyewe inajaza nafasi yote." Nikamuuliza kuna la kuangalia zaidi? Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Maelekezo si yapo hapo kwenye chupa?" Yapo kweli, na hamna hata neno moja la Kiswahili.

Nikapaka kama alivyoniambia. Asubuhi nakuta povu gumu la manjano limefura kuzunguka kiungo chote, limechuruzika hadi sakafuni na kuganda kwenye tarazo, na mguu umesukumwa nje ya tundu. Umesukumwa na gundi! Nikaliminya lile povu kwa kidole gumba, likavunjika kama mkate mkavu.

Aliyenifungua macho ni seremala wa mtaani kwetu, ambaye hajaniuzia kitu. Gundi hii inakaushwa na unyevu. Ikikutana na maji inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoiumua. Povu ni matundu matupu, halina nguvu. Kinachoshika ni utando mwembamba uliobanwa katikati ya mbao mbili. Kwa hiyo inapakwa kidogo, upande mmoja, upande wa pili unafutwa kwa kitambaa chenye majimaji, halafu unabana na kuacha mpaka kesho. Yeye hana jiriwa ya kutosha kiti, anatumia tyubu ya baiskeli. Aliikata ukanda mrefu, akauvuta na kuuzungusha kwenye miguu, kila mzunguko anakaza zaidi, mpaka kiungo kikalia na tone dogo la gundi likachungulia pembeni. "Umeona? Likitoka hilo tu, inatosha." Maneno hayo yangemchukua yule kijana dakika moja.

Na mikono je? Hakuna aliyeniambia nivae glavu. Gundi ikiwa bado mbichi inafutika kwa asetoni ile ya kuondolea rangi ya kucha; ikishakauka sabuni haifui dafu, unasubiri ngozi ijichubue yenyewe. Wiki hiyo nilikuwa na harusi. Wenzangu wamechorwa piko vizuri, mimi nina madoa meusi kwenye vidole vyote, nikashinda nimeficha mikono kwenye mtandio. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Basi, kiti kikashika, nikasema yaishe. Baadaye kidogo mlango wa bafuni ukaanza kuachana pale chini, nikaunganisha kwa gundi hiyohiyo. Masika yamepita, mlango unamwagiwa maji kila siku, kiungo hakijafunguka hata uzi. Hapo lazima niseme kweli, gundi nyeupe isingefika. Niliporudi kwenye chupa nirekebishe droo, imeganda yote, jiwe. Zaidi ya nusu! Joto na unyevu wa Dar ukishaingia kwenye chupa iliyofunguliwa, kwisha. Na mimi niliuziwa chupa kubwa, wakati ndogo zilikuwepo rafu ya juu, niliziona kwa macho yangu niliporudi kulalamika. Kijana akanionyesha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia sitaki pesa, nataka awaambie wateja wengine. Akaniambia, "Mama, nina foleni."

Kwa hiyo nilikuwa niandike msiinunue. Kwa kiti kilichopasuka na hamna cha kukibania, kweli msiinunue. Kwa mlango wa bafuni, dirisha linalopigwa na mvua, kigoda cha uani, sijaona inayoishinda, na nitainunua tena, chupa ndogo kabisa. Lakini pale dukani hapana. Hata wakinipa bure sirudi, na shoga zangu wote nimeshawaambia ni duka lipi.