Mafundi walionijengea Madale: ukuta safi, ila utani wao utakuja kuua mtu

Watu wakija kwangu kitu cha kwanza wanaulizia fundi. Kona zimenyooka, lenta imekaa, jamvi halina ufa hata wa kuingiza kucha, na slabu ya juu waliimwaga siku moja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku bila kusimama, maana walijua zege ukiliacha katikati likaganda, kesho yake ukiendelea unabaki na mshono wa kuvujisha maji maisha yako yote. Kwa hiyo kwenye kazi sina neno, kumi kwa kumi. Lakini namba yao simpi mtu, na kila nikikataa naonekana nina roho mbaya, ndo maana nimeona niandike mara moja yaishe.

Tatizo lao ni michezo.

Na sisemi utani wa mdomo, huo hata mi naupenda. Walikuwepo Wapare wawili na Mchaga mmoja, sasa unajua wale watani wakikutana, asubuhi mpaka jioni ni nani bahili kuliko mwenzie, nani babu yake alizikwa na daftari la madeni, saiti nzima inacheka na tofali zinapanda. Kulikuwa na saidia fundi mgeni, dogo wa miaka kumi na tisa katokea Lindi, siku ya pili tu wakamtuma hadwea akanunue lita nne za rangi ya mistari. Akaenda kweli! Muuza duka nae akaelewa mchezo, akamwambia imeisha jana, jaribu duka la mbele, dogo kazunguka karibu saa nzima kwenye jua anaulizia rangi ya mistari. Nilicheka mpaka machozi, siwezi kujifanya mtakatifu hapa.

Shida ni pale utani ulipoanza kutoka mdomoni ukaingia mikononi. Nilikuwa nimechukua likizo nashinda palepale saiti kwenye kivuli cha mwembe, kwa hiyo nimeona mengi. Kuna jamaa wa nondo, grenda lake kava walishalitoa zamani eti linazuia kuona, basi mchezo wake ni kuliwasha na kumsogelea mtu aliyeinama anafunga baindingi waya, yule akiruka wote wanaangua kicheko. Grenda dogo lile linazunguka mara kama 11,000 kwa dakika, jiwe likipasuka pale hamna wa kukimbia, na aliyelishika mwenyewe anacheka mwili mzima mkono unatikisika. Mwingine kazi yake ni kumtia mwenzie mota mbichi kwenye buti au mgongoni ndani ya shati. Wenyewe wanasema ni udongo tu. Sio udongo. Saruji ikishalowa inaunguza, na ubaya wake hauumii saa hiyohiyo, mtu anapiga kazi na buti limejaa, jioni anavua soksi inatoka na ngozi. Ikiingia jichoni ndo usiseme, unatakiwa umwagiwe maji safi dakika kumi na tano mpaka ishirini bila kuacha, sasa pale saiti maji yenyewe yako kwenye pipa wanalooshea makarai.

Kilichonitoa kwenye kiti ni kompresa. Siku hiyo walikuja vijana wa madirisha ya alumini na mashine yao ya upepo, wa kwetu wakaazima mpira wake wajipulizie vumbi (hata hiyo ya kujipuliza mwilini haitakiwi, ila tuiache), mara naona mmoja ananyata kumwendea mwenzie aliyeinama anachota mchanga, anamwelekezea kule nyuma. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Wakanishangaa, wananiona mama mwoga. Jamani, tairi la gari dogo lina upepo bar mbili na kitu, geji ya ile mashine ilikuwa inasoma 8. Haihitaji hata kuingiza bomba, upepo unapita juu ya suruali hivyohivyo na utumbo unapasuka kwa ndani. India kuna watu wamekufa kwa mchezo huuhuu, na waliowapuliza walikuwa marafiki zao wa kazini wala hawakuwa na ugomvi.

Nikamfuata fundi mkuu. Mtu mzima, mpole, ananiita mama ingawa nahisi tunalingana. Akaniambia, "Mama, hao vijana bana, jua lote hili wasipocheka kazi haiendi." Na unajua aliniweza, kwa sababu ni kweli, mtu anabeba karai la zege kichwani tangu asubuhi kwa elfu kumi na tano, ukimnyima na kicheko atabaki na nini. Nikarudi kwenye mwembe wangu nikanyamaza. Hilo nalijua ni langu, simsukumii mtu.

Helmeti nilinunua sita kwa hela yangu mwenyewe. Mbili ziligeuka magoli ya chandimu, moja ya kuchotea maji.

Wiki ya tatu baada ya slabu, mchana kidogo kabla ya saa saba, wanasubiri mama ntilie alete wali. Hiyo ndo saa mbaya, nimekuja kuielewa baadae, kazi imesimama, njaa inauma, mikono haina cha kufanya. Dogo wa Lindi yuko juu kwenye slabu anamwagilia maji, wengine wameshashuka. Mmoja akachomoa ngazi akailaza chini, wakakaa wanamtazama. Dogo kuja ukingoni, ngazi hamna. Anacheka na yeye, "rudisheni bana," wanamwambia ruka ule, wali unapoa. Chakula kikaja kweli. Wakaanza kula, wanamwonyesha minofu ya samaki toka chini. Akaomba kama mara tatu hivi, halafu akaona aibu kuomba ya nne, nadhani, maana alinyamaza tu akaanza kushuka kwa kuukumbatia mrunda mmoja, ile miti ya kuegemezea slabu, uliokuwa umebaki umesimama. Ule mrunda haukuwa umefungwa. Kamba yake waliikata asubuhi wakafungie kitu kingine.

Toka mita tatu mtu anafika chini hata sekunde moja haijatimia. Mi nilisikia kishindo tu halafu kijiko cha mtu kinaanguka kwenye sahani. Alidondokea kwenye lundo la mchanga, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, kimejikunja kama uma. Hatua moja kutoka pale alipolala kuna nondo nne za nguzo ya baraza zimesimama zinachungulia juu, ndefu kama mkono wangu, hazina kofia wala chochote. Hatua moja. Aliyechomoa ngazi alikuwa wa kwanza kumkimbilia na ndo aliyelia kuliko wote, akampakata mpaka kwenye bajaji, kwa hiyo hata kumchukia nilishindwa. Njiani dogo kashikilia mkono kwenye kanga yangu, jasho linamtoka, ananiuliza, "Mama, ya leo nitalipwa?"

Hospitali ikala laki tatu kasoro, eksirei, plasta, dawa, na kurudi rudi. Nikalipa mimi. Kampuni inayowaleta ina cheti cha Bodi ya Makandarasi, daraja la saba, bango lilikuwa limesimama pale getini limepakwa rangi vizuri, lakini wale vijana hawajaandikwa popote, wanaokotwa kijiweni asubuhi wanalipwa jioni. Nikauliza habari ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao kila mwajiri huku Bara anatakiwa awe amejisajili na unakusanya michango tangu 2015, mwenye kampuni akanijibu kwa simu kwamba hiyo sio ajali ya kazi, walikuwa wanacheza. Nikamuuliza OSHA, wale wakala wa serikali wa usalama kazini, wanaijua hii saiti? Akasema mama unataka kunifungia kazi. Sheria ya usalama mahali pa kazi ipo tangu 2003, aisee, sio kitu cha jana! Akatuma elfu hamsini akaacha kupokea simu.

Kwa hiyo wewe unayetafuta fundi, picha za nyumba walizojenga zitazame, lakini nenda pia saiti wanayojenga saivi, ufike saa sita na nusu bila taarifa, jifanye unaulizia kiwanja. Angalia ngazi imefungwa juu au imeegeshwa tu. Angalia grenda lina kava. Makarai matupu yanashushwa au yanarushwa toka juu bila mtu kusema neno. Halafu mtazame mdogo wao kuliko wote, kila saiti inae, kama kila dakika anageuka kuangalia nyuma yake basi ondoka. Mi niliangalia picha tu.

Finishingi nikawapa watu wengine, kundi la rangi linaloongozwa na dada mmoja mnene ana sauti kama spika ya msikitini. Ghali kidogo, na kwa unyoofu wa kazi hawawafikii wale wa kwanza, kuna kona ya jikoni nikiitazama naumwa. Lakini ngazi zao zimefungwa, na utani wanao wa kutosha, matusi mengine nilikuwa nafunga dirisha watoto wasisikie. Sheria ya yule dada ni fupi, "Tukana utakavyo, ukimgusa mwenzio nakata hela ya leo," na niliona akikata kweli, kijana kamvuta mwenzie suruali akiwa kwenye ngazi, elfu kumi na tano ikaondoka palepale na hakuna aliyebisha.

Dogo plasta ilipotolewa nilimwombea kazi kwa huyo dada. Mkono bado haukunji vizuri, brashi anashika kushoto. Wiki iliyopita wakamtuma dukani lita nne za rangi ya mistari, nadhani hawakujua kwamba kwake huo ni wimbo wa zamani. Akarudi na kopo mbili, moja nyeusi moja nyeupe, risiti ya jina la yule dada, akaziweka chini akasema mistari mtachora wenyewe, mi nimeshanunua.