Parasetamoli ya vidonge, miligramu 500: nzuri, ila uihesabu

Kwa homa na maumivu ya kawaida, kidonge kitupu cha parasetamoli, kisichochanganywa na dawa nyingine, bado ndicho cha kuanza nacho. Hakichokozi tumbo kama aspirini, na maelekezo yake ni mafupi: mtu mzima kidonge 1 au 2 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 8 ndani ya saa 24. Mwenye uzito chini ya kilo 50 amuulize kwanza mfamasia.

Kikomo hicho kina sababu. Sehemu kubwa ya dozi, ini huiunganisha na asidi ya glukuroniki au salfeti, ikatoka na mkojo bila madhara. Kiasi kidogo, kama asilimia 5 hadi 10, hupitia vimeng'enya, hasa CYP2E1, na kugeuka NAPQI, na hapo ndipo sumu ilipo. Glutathioni, kemikali ya kinga iliyomo ndani ya seli za ini, huidaka papo hapo. Ukizidisha dozi, njia ya salfeti huelemewa, NAPQI huongezeka, glutathioni huisha, na sumu hung'ang'ania protini za seli mpaka seli zife. Asiyekula vizuri kwa siku kadhaa ana akiba ndogo ya glutathioni. Mnywaji wa pombe wa kila siku yuko pabaya zaidi, kwani pombe huongeza pia CYP2E1.

Tunazozilalamikia ni dawa mseto za mafua. Kuna pakiti za unga zenye miligramu 1000 za parasetamoli kila moja. Mtu huinywa juu ya vidonge 2, kumbe ni dawa ileile. Soma orodha ya viambato, achana na jina kubwa la mbele. Vidonge vya kutoboa ni bora kuliko vya kopo: ukiona vitundu vilivyo wazi, unajua umemeza vingapi.

Kasoro yake kubwa ni ukimya. Aliyezidisha huweza kupata kichefuchefu tu siku ya kwanza, au asisikie chochote. Maumivu chini ya mbavu za kulia na macho ya manjano huja ini likiwa limeshaumia. Basi ukizidisha, usingoje dalili: nenda hospitali mara moja, na pakiti mkononi. Kiwango cha dawa kwenye damu hupimwa kuanzia saa 4 baada ya kumeza. Tiba ni asetilisisteini, ambayo mwili huitumia kutengeneza glutathioni upya. Ikianzwa ndani ya saa 8, karibu kila mara ini hupona.

Kidonge kitupu: nyota 4 kati ya 5. Mseto wa mafua: 2.