Mafunzo ya WHO kwa walezi: yanamsaidia mzazi mbele ya bibi na mjomba?

Familia ikishaambiwa mtoto ana usonji (autism), ushauri huanza kumiminika. Bibi anatuma kombe (maji ya dua ya kunywa) kutoka Newala, shangazi wa Mikindani anamjua fundi wa kukata kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, jirani anasema subirini, wapo walioanza kuongea na miaka mitano. Wote wanampenda mtoto, ndiyo maana kuwajibu ni kazi ngumu. Mafunzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa walezi, yaliyotolewa mwaka 2022, tumeyapima kwa swali moja: mzazi akiyamaliza, atakuwa na la kuwaambia ndugu zake?

Yanamlenga mlezi wa mtoto wa miaka 2 hadi 9 aliyechelewa kukua au mwenye ulemavu wa ukuaji, usonji ukiwemo. Toleo la vikundi lina vipindi 9 na ziara 3 za nyumbani. La mtandaoni ni bure, mtu anajisomea kwa simu.

Sehemu iliyotuvutia zaidi ni ya kuigawa kazi katika hatua ndogo. Chukua kunawa kabla ya kula: sogea kwenye ndoo, nyoosha mikono, lowesha, paka sabuni, sugua, suuza, futa. Mtoto asaidiwe pale tu anaposhindwa, tena kwa msaada mdogo kwanza. Mwonyeshe, asipofuata, mguse kiwiko, mwisho kabisa ndipo umshike mkono. Hapa bibi anapata kazi ya maana kuliko kubishana naye. Mpe hatua moja, tuseme kusuuza, na neno moja la kutamka, "suuza", basi. Yanayoharibu ni mawili: maneno mengi kwa mkupuo ("njoo unawe babu, chakula kinapoa, hebu fanya haraka"), ambayo mtoto hawezi kuyachambua, na huruma ya kumnawisha kila siku, inayomnyima nafasi ya kujifunza. Bibi akishamwona mjukuu anasuuza mwenyewe, mjadala wa nani kamroga hupoa.

Sehemu ya tabia ngumu nayo inamjibu vizuri anayesema "mchapeni". Inamtaka mlezi aangalie kilichotokea kabla na baada: mtoto anataka kitu, anakwepa kitu, anatafuta kuangaliwa, au mwili wake umezidiwa. Anayepiga mayowe ngomani kwa sababu ya kelele, kiboko hakimpunguzii kelele hizo. Mtoe nje, mpe muda atulie.

Pengo la mafunzo haya lipo kwenye mila zetu, na si dogo. Kuhusu kimeo, jibu liwe hapana bila kuzungushazunguka: hakihusiani na kuchelewa kuongea, na kukikata huleta kutokwa na damu nyingi, maambukizi, hata pepopunda. Kombe lililoandikwa kwa zafarani na maji safi halina haja ya ugomvi. "Ahsante bibi, tumepokea. Na Jumatatu kliniki anakwenda kama kawaida." Hatari yake ni pale linapochukua nafasi ya kliniki. Anayeshauri kusubiri aelezwe kwamba miaka ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa ya mazoezi, na kwamba masikio yapimwe mapema. Omba rufaa hospitali ya Ligula ukiwa Mtwara, au ya Sokoine ukiwa Lindi.

Halafu kuna mjomba. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo hufuata upande wa mama, na neno lake huwa zito kwenye mambo ya watoto wa dada, jando likiwemo. Mafunzo yanamwandaa zaidi mlezi wa kila siku. Ushauri wetu: mweleze mjomba kwanza, faragha, kabla ya kikao cha ukoo, na mkipata toleo la vikundi, mwombe awepo kwenye ziara mojawapo ya nyumbani. Akishakubali, mwombe yeye ndiye awajibu wengine.

Tulilolipitia ni toleo la Kiingereza, kwa hiyo anayelisoma awaeleze wenzake kwa Kiswahili, au Kimakonde kwa wazee, mbinu moja kwa wiki. Kusimulia vipindi vyote kwa siku moja kunawachosha, na hakuna kitakachofanyiwa kazi. Tunayapendekeza kwa moyo wote kwa mwenye mtoto mdogo. Kwa kijana aliyevuka miaka 9, mifano mingi ya michezo itakuwa ya kitoto. Mlezi wake achukue sehemu ya hatua ndogo na ya tabia, aziache nyingine.